Kome wa Kona ya Mto

Alhamisi, tarehe 9 Mei. Mvua ilianza kabla jogoo hajawika, si kubwa, ile ya kudondoka kama mtu anayepepeta mahindi kwa uvivu, ikaacha kwenye saa mbili. Jua likatoka bila nguvu. Mvuke ulipanda kutoka kwenye miwa mpaka kilima cha ng'ambo hakikuonekana.

Naandika nikiwa nimechoka. Mgongo unauma kwa kuinama, vidole vimekunjamana kwa maji, na kichwa kinataka kulala. Lakini nikiacha mpaka kesho nitaanza kujipamba, nitaandika nilivyotaka iwe badala ya ilivyokuwa. Daftari hili nilipewa la kuandikia kome, si mambo ya boma. Mwalimu wa chuo aliyenipa anatoka Ukambani, Kijaluo hakijui, ndiyo sababu naandika Kiswahili, na Kiswahili changu ni cha sokoni na cha darasa la nane. Akisoma haya ataniwia radhi, au hataniwia, hilo ni lake.

Nianze nyuma kidogo, maana leo haieleweki peke yake.

Mimi ni mchuuzi wa omena, yaani dagaa wa ziwani. Kila baada ya wiki mbili huenda Mbita, na bei ikiwa mbaya pale huvuka hadi Rusinga, nikanunua omena iliyokaushwa, nikaja kuiuza Rongo kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia. Mwezi wa pili, asubuhi moja ufuoni Rusinga, nilimkuta mwanamke, ndiye mwalimu mwenyewe, amechuchumaa majini, sketi ameikunja, anatikisa chekeche. Nilidhani amepoteza herini. Nikamuuliza kama nimsaidie kutafuta. Akanifungulia kiganja, na ndani palikuwa na vitu kama punje za dengu.

Nikasema, "Hizo ni dengu?"

Hakunicheka. Alisema ni wanyama, kila mmoja na nyumba yake ya milango miwili, na kwa Kiswahili jina lao ni kome. Kome wakubwa nilikuwa nawajua. Bibi yangu alikuwa akitumia ganda la mmoja kukwangua ukoko wa ugali. Lakini hawa wadogo nimewakanyaga maisha yangu yote na sikuwahi kufikiria kwamba ni kitu kilichokamilika. Akaniuliza kama kwenye mito ya kwetu, huku upande wa Migori, wako. Nikamwambia sijui. Baadaye aliniambia kwamba ni jibu hilo lililomfanya anipe kazi, kwa kuwa wengine wote aliowauliza siku ile walimwambia wako wengi sana, akitaka wamletee gunia.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchekecha tope na mchanga wa kijito chetu, kuweka nilichopata kwenye chupa yenye spiriti, na kuandika mahali nilipokipata: ni mchanga au ni tope, maji yanakimbia au yamelala, kuna mizizi au mawe. Alinifundisha siku mbili. Alinipa kioo cha kukuzia, sindano na rula fupi.

Kuna kome mdogo mwenye ngazi. Ganda lake ni nene, rangi ya manjano iliyochoka, na juu yake kuna mistari iliyopandana kama matuta ya shamba la mlimani. Huyo ukipitisha ukucha unasikia anakwaruza. Anapenda mchanga, na ziwani amejaa. Halafu kuna kome laini. Ganda lake ni jembamba kama ukucha wa mtoto, rangi ya chai iliyotiwa maji mengi, na ukimshika kwa nguvu umemvunja. Huyo anakaa kwenye tope jororo katikati ya mizizi, mahali maji yanapolala.

Mmoja wa hawa laini alimpasua kwa sindano mbele yangu, akaniwekea chini ya kioo. Ndani yake kulikuwa na wengine, wadogo zaidi, kila mmoja na ganda lake kamili, wamepangana kama maharagwe kwenye ganda lake. Kama ningeachiwa mimi ningeandika mtoto.

Mwalimu akasema, "Huyu ni mama. Udogo si utoto."

Na jambo lingine alilosema, ambalo nililiandika ukurasa wa kwanza wa daftari hili na liko hapo mpaka sasa: "Ganda linakuambia amekufa. Halikuambii aliishi wapi." Niliandika kwa mwandiko mzuri, nikapiga mstari chini yake. Kisha mwezi mmodi haujaisha nikafanya kinyume.

Hapo juu nimekosea herufi, ni mwezi mmoja. Nauacha, sifuti.

Sasa niseme juu ya kona. Kijito chetu kinashuka kuelekea mto Kuja, na kabla ya kuondoka kwenye ardhi ya ukoo wetu kinapiga kona moja pana. Upande wa nje kuna mchanga na jiwe bapa kubwa. Upande wa ndani kuna tope na matete. Mchanga huo ndio kazi ya shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Anachimba kwa beleshi, anaurundika ukingoni, lori la watu wa mjengo linakuja kuubeba.

Mimi na shemeji hatupatani sana. Sitaki kuandika kana kwamba kosa ni lake. Kuna mstari wa makonge unaogawa shamba letu na lake, na miaka minne iliyopita makonge matatu yaling'olewa yakapandwa hatua mbili ndani ya upande wetu. Yeye anasema ni mafuriko yaliyoyang'oa na yeye aliyarudisha tu pale alipokumbuka. Huenda anasema kweli. Sikuwepo, nilikuwa Mbita. Lakini tangu siku hiyo nikimwamkia namwamkia kwa mdomo tu.

Mkewe aliugua kiharusi mwaka juzi. Upande wa kulia umekufa na maneno hayatoki vizuri. Kitanda chake kiko karibu na dirisha, na mkono wa kushoto una kijiko, na kando yake kuna sufuria kuukuu. Akitaka maji, akitaka kugeuzwa, anagonga sufuria. Kutoka kwenye kona ya mto sauti inasikika vizuri. Shemeji akisikia anaacha beleshi limesimama mchangani, anapanda, anamgeuza, anarudi. Nimeona beleshi hilo limesimama peke yake mara nyingi kuliko nilivyomwona yeye. Wana watoto wawili, wote wameolewa mbali. Kwa hiyo kona ile kwake ilikuwa kazi, na pia ilikuwa umbali ambao mgonjwa anaweza kumwita.

Mwezi wa tatu nilichekecha kona. Nilianzia kwenye jiwe bapa kwa sababu pale ndipo pa kuwekea beseni. Chekeche la kwanza tu, nikapata kome wa ngazi kumi na mmoja. Walikuwa maganda, hakuna aliye hai, hilo niliandika. Lakini yalikuwa yameshikana milango yote miwili, na ngozi ya juu bado iko, hayajawa meupe kama chokaa. Mwalimu alikuwa amenifundisha kwamba ganda la zamani hubanduka likawa jeupe, na lililoshikana lenye ngozi ni la aliyekufa juzijuzi. Nikawaza, aliyekufa juzi lazima aliishi hapa. Nikaandika: *Kona. Kome wa ngazi wapo.* Upande wa matete nilitia chekeche mara moja, likajaa tope, nikachoka, nikaandika: *Tope. Hakuna.*

Mwalimu aliziangalia chupa, akazisifu. Nasema hivyo kwa haki, si kumtupia mzigo. Alikuwa na chupa nyingi za watu wengi. Akawaandikia watu wa kamati ya maji barua fupi kwamba kona ina kome, kwamba kome husafisha maji, na kwamba uchimbaji ungefaa usimame kwanza mpaka utafiti uishe. Kamati ilikaa siku moja tu. Chini ya kona kuna mahali tunapoteka maji ya kunywa, na watu walikuwa wamekwisha lalamika kwamba yana udongo. Wakafunga kona yote. Waliweka kamba ya katani kutoka mti hadi mti.

Nilikuwepo kwenye mkutano. Shemeji aliuliza swali moja tu, ni nani aliyewaona hao kome. Naibu wa chifu akanionyesha mimi kwa kalamu.

Na sasa niandike lile ambalo limenifanya nisilale vizuri. Siku niliyoandika "wapo", mkono wangu uliandika upesi. Nakumbuka. Kwenye maeneo mengine nilikuwa napima, nageuza, narudia, najiuliza. Pale sikujiuliza. Sijui kama ni kwa sababu maganda yalikuwa mazuri, au kwa sababu ilikuwa kona ya shemeji. Nimejaribu kujitetea na nimejaribu kujishtaki, na pande zote mbili zinazungumza kwa sauti yangu.

Baada ya hapo shemeji akawa anaondoka alfajiri kwenda kuchimba kwenye mto Kuja wenyewe, kwa boda, na kurudi jua likizama. Hakuniomba chochote. Mimi ndiye niliyeisikia sufuria. Siku ya kwanza nilijifanya ni mtu anayeosha vyombo. Siku ya pili nikaenda. Kuanzia hapo, kila siku saa sita mchana, nikiwa siko sokoni, nilikuwa naacha shughuli zangu naenda kumgeuza mke wa shemeji, kumpa uji, kumfuta. Ni mzito, na mimi si msichana. Siku ninazokwenda Rongo alikuwa anagonga peke yake. Sijui aligonga kwa muda gani siku hizo. Hawezi kuniambia, nami siwezi kumuuliza.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nachagua omena uani, nakimbizana na Sabato, maana jua likizama sishiki kazi. Nilikuwa nimeimwaga kwenye ungo, naipepeta, natoa mchanga. Omena ya Rusinga huanikwa chini ufuoni, kwa hiyo ukinunua omena umenunua na mchanga kidogo, kila mtu anajua, na wateja wakilalamika tunawaambia ni chumvi ya ziwa. Nikaona kitu cha manjano kati ya samaki. Nikakichukua. Nikapitisha ukucha, kikakwaruza.

Nilikaa na kitu hicho kidoleni mpaka kuku wakaja kula omena kwenye ungo nami nisiwafukuze. Nikaingia ndani nikatoa chupa ya kona. Nikaweka mmoja kando ya mwingine, chini ya kioo. Ngazi ni zilezile. Milango imeshikana, kwa sababu mwenyewe amekaukia ndani juani pamoja na samaki. Ngozi iko. Nikarudi kwenye ungo nikatafuta, nikapata watano.

Jiwe bapa la kona ndipo wanawake wa boma letu tunapooshea omena. Maji ya bomba ni machache na pale kijito kinapunguza mwendo, unaweka beseni juu ya jiwe, unaosha, unamwaga. Kila mwanamke hapa amefanya hivyo. Lakini aliyeosha kwa wingi kuliko wote, kwa magunia, kwa miaka tisa, ni mimi. Nilikwenda kutafuta wenyeji wa kijito nikaokota abiria niliowaleta mwenyewe kutoka Rusinga.

Mume wangu ni fundi wa mawe, mtu wa maneno machache. Tangu kona ifungwe hakuwa amesema lolote, si kwangu wala kwa nduguye, na kunyamaza kwake kumenichosha kuliko kazi. Nilimweleza jioni ile. Aliendelea kutoa saruji kwenye kucha zake kwa kijiti.

Nikamuuliza nianze na nani, mwalimu au kamati.

Akasema, "Anza na uliyemuumiza."

Jumapili nilivuka mstari wa makonge. Shemeji alikuwa anamlisha mkewe, nikangoja amalize. Tulizungumza kwa lugha yetu, hapa natafsiri nijuavyo. Nilimweleza yote, nikamwonyesha wale wawili kwenye karatasi, wa kona na wa ungo. Aliwatazama sana. Kisha akacheka, kicheko cha puani kisicho na furaha.

"Kwa hiyo mimi nimefukuzwa na mboga ya ugali," akasema.

Nikaikunja karatasi.

"Watu hufukuzwa na serikali. Wengine hufukuzwa na mafuriko. Mimi shemeji yangu ameniletea mboga kutoka Rusinga ikanifukuza." Mkewe kitandani akatoa sauti, na kwa vile nimemzoea sasa najua kwamba alikuwa anacheka pia. Nilistahili.

Akaacha mzaha. Akaniuliza, "Uliandika hivyo kwa sababu ya makonge?"

"Sijui."

"Hilo nalo ni jibu?"

"Ndilo nililo nalo. Ningesema hapana ningekuwa najipendelea, na nikisema ndiyo sina hakika."

Akachukua kikombe cha uji, akakikung'uta sakafuni, akasema basi nimwite huyo mwalimu.

Mwalimu kwenye simu aliniomba nirudie habari ya ungo. Halafu akasema kosa ni la wawili, kwamba yeye ndiye aliyepaswa kuuliza maji yale yanatumiwa kwa kazi gani na nani. Sikumkubalia wala sikumkatalia. Akasema atakuja Alhamisi, tuchekeche kona yote upya, na anayechimba awepo aone kwa macho yake.

Ndiyo leo.

Alifika kwa boda saa tatu, matope mpaka magotini. Tulikuwa watatu: mwalimu, shemeji na mimi. Mwalimu aliigawa kona kwa uzi, vipande kama vya kitalu cha sukuma wiki, na kila kipande tulichekecha mara tano. Maji yalikuwa yamepanda kwa ajili ya mvua, yana rangi ya kakao. Mimi nilichota, shemeji alitikisa, mwalimu alitazama na kuandika.

Karibu na jiwe bapa maganda ya ngazi yalijaa. Hatua tatu kutoka jiweni yalipungua. Hatua sita, moja. Baada ya hapo hakuna kitu, mchanga mtupu na vipande vya chupa. Hakuna aliye hai hata mmoja. Mwalimu alichora kwenye karatasi yake, jiwe katikati na maganda yakitapakaa kuteremka na maji, na mtu yeyote angeona kwamba yanatoka jiweni. Hata mimi niliona, na ingetosha kuona mwezi wa tatu kama ningechekecha hatua sita zaidi.

Shemeji alianza kuimba kwa mdomo uliofungwa. Saa sita sufuria ikalia, akapanda, akarudi akiwa na ndizi tatu, akatugawia. Mara ya mwisho kunipa kitu kwa mkono wake ilikuwa kabla ya makonge. Nikala.

Ikabaki upande wa matete. Kwa desturi yeye hachimbi pale, tope haliuziki. Lakini mchanga wa nje umepungua, na kabla ya kona kufungwa alikuwa ameanza kukata matete ili aufikie mchanga ulio chini ya tope. Hilo alilisema mwenyewe, mwalimu hakuwa amemuuliza. Ndipo niliposhtuka, kwa sababu tope ni mahali pa kome laini, na mimi mwezi wa tatu nilitia chekeche mara moja tu nikaandika hakuna. Nilikuwa najiombea tusipate. Naliandika hilo pia. Nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kumletea habari mbaya, na nilikuwa nimechoka kumgeuza mkewe, na sijui ni lipi lililokuwa zito.

Kufikia saa nane mgongo wangu ulikataa. Nikakaa ukingoni. Mwalimu alikuwa upande wa pili kwenye jiwe, ametupa mgongo, anaosha chupa. Shemeji akachukua kazi zote mbili, anachota na kutikisa, miguu imezama topeni mpaka kwenye mashavu ya miguu. Chekeche la kwanza alilimwaga. La pili akalimwaga. La tatu alilitikisa polepole, akasimama.

Aliinamisha kichwa. Akatia vidole ndani, akatoa kitu, akafunga mkono.

Nilimwona. Ngumi ilikuwa imefungwa na mkono umening'inia karibu na maji. Ilikuwa ni kuachia tu, hata si kutupa. Maji yalikuwa ya kakao, hakuna ambaye angejua. Sikusema kitu, na sijui kama nilinyamaza ili nimpe nafasi ya kuwa mwema au ili nimpe nafasi ya kuachia. Alisimama hivyo kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Kule juu sufuria haikulia.

Kisha akaja ukingoni nilipokaa, akafungua mkono mbele yangu.

"Shemeji, tazama," akasema. "Huyu anafunga mlango."

Kwenye kiganja, katika maji kidogo, kulikuwa na kome laini, rangi ya chai ya maskini. Mlango ulikuwa wazi kidogo na kitu cheupe kama ulimi kilikuwa kinatoka kinapapasa ngozi ya mkono wake. Akamgusa kwa ukucha. Kome akafunga.

"Ni mtoto?" akauliza.

Nikamwambia, "Pengine ni mama."

Akamwangalia tena. "Mdogo hivi."

Mwalimu alikuja mbio, akateleza, akachafua kila kitu. Tukachekecha kipande kile chote na viwili vya jirani, tukapata wengine saba, wote hai, wote kwenye tope kati ya mizizi ya matete, na hakuna hata mmoja kwenye mchanga. Walipokuwa kwenye kibakuli mwalimu alimwonyesha shemeji jinsi wanavyotoa ulimi na kutembea. Alitazama kwa makini kama mtu anayetazama injini. Hakuuliza ni wa kazi gani.

Mwalimu akasema yeye hafungi wala hafungui, yeye anaandika. Ataandika kwamba upande wa mchanga hakuna aliye hai, na maganda ya pale ni ya omena. Upande wa matete wako, na wanaishi mahali ambapo beleshi likiingia hawataishi. Akampigia mwenyekiti wa kamati hapohapo. Mwenyekiti, baada ya kueleweshwa mara mbili habari ya omena, alisema kamba isogezwe ipite kwenye ukingo wa matete, upande wa mchanga uachiliwe kuanzia Jumatatu, na mengine yatazungumzwa kikaoni. Akaongeza kwamba wanawake wasioshee tena omena pale. Kwa hiyo mimi nami nimefungiwa. Nitaosha kwenye beseni nyumbani na kumwaga kwenye migomba, maji nitayabeba kwa kichwa. Ni haki.

Nisiandike kwamba shemeji ameshinda. Mchanga uliobaki upande wa nje ni kidogo. Yeye mwenyewe aliupima kwa macho akasema utamfikisha labda mavuno mawili, ule mzuri uko chini ya matete na sasa hautaguswa. Lakini kwa mavuno hayo mawili atakuwa anasikia sufuria.

Mwalimu alipoondoka tulibaki kukunja uzi. Sikutaka kusema lakini kazi ya kukunja uzi ni ndefu.

Yeye ndiye aliyeanza. "Uliniona nilipofunga mkono."

"Niliona mkono. Ndani sikuona."

"Kama ningeachia, ungemwambia?"

Nilifikiri. Nilitaka kusema ndiyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika haki daftarini. "Ningeandika kwamba nilikuona umefunga mkono," nikasema. "Zaidi ya hapo sijui."

Akakunja uzi mpaka ukaisha, akanikabidhi. "Basi andika kwamba niliufunga," akasema. "Na uandike kwamba niliufungua."

Nimeandika yote mawili. Ya makonge hakuyataja, nami sikuyataja. Tulipanda pamoja mpaka pale njia inapogawanyika, akaenda kwake, nikasikia sufuria ikigongwa mara moja tu, kama mtu anayeitikia hodi.

Jioni tulikula ugali wa mtama na omena. Niliiosha kwenye beseni, maji mara tatu, nikaikaanga kwa nyanya na kitunguu, na hata hivyo mume wangu alitafuna kitu kikavunjika kwenye jino, akakitoa, akakiweka kando ya sahani. Kulikuwa na akeyo pia, yale majani machungu ya mgagani, iliyolala tangu jana, niliyoichanganya na maziwa kupunguza uchungu. Mke wa shemeji nilimpelekea mchuzi peke yake kwenye kikombe, kwa kuwa miiba ya samaki haiwezi, na ugali kidogo uliopondwa ndani yake, akaumaliza.